Wamagana Maji Hayafiki Mia

Kipimo cha Celsius kina namba mbili ambazo kila mwanafunzi anazijua: sifuri, barafu inapoyeyuka, na mia, maji yanapochemka. Ukiwa Wamagana, pale Tetu, zote mbili ziko mbali nawe. Sifuri iko juu Mlima Kenya, kwenye mabaki ya barafu yanayoonekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Mia iko Mombasa. Kituo cha hali ya hewa cha Nyeri kiko takriban mita 1,760 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Wamagana, kwa kuwa umeshaanza kupanda kuelekea msitu wa Nyandarua, hata hizo 94 huzipati kamili. Ndiyo maana maharagwe ya githeri hukawia jikoni, na kuchochea kuni hakusaidii kitu: maji yakishachemka joto lake halipandi tena, yanageuka mvuke tu na kukuachia sufuria kavu.

Sababu ya maji kuchemka mapema ni uzito wa hewa. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa iliyo juu yako inavyopungua, na maji hupata nafasi ya kutoroka mapema. Kwenye Batian, kilele cha juu cha Mlima Kenya, mita 5,199, chai ingechemka kwenye nyuzi 83 na bado isiwe chai ya kumpa mgeni.

Anders Celsius mwenyewe alilijua hilo. Mtaalamu huyu wa nyota kutoka Uppsala, Sweden, alipotoa kipimo chake mwaka 1742 alieleza wazi kwamba mchemko hubadilika hewa inapobadilika uzito, kwa hiyo mia yake lazima iambatane na kiwango maalumu cha hewa. Lakini hakuiita mia! Kwake mchemko ulikuwa sifuri na barafu ndiyo iliyokuwa mia. Alifariki mwaka 1744, na baada ya muda mfupi kipimo chake kikageuzwa juu chini.

Sasa chukua asubuhi moja ya Julai. Ukungu umeshuka hadi kwenye majani chai na kipimajoto kinaonyesha nyuzi 10. Kwa Fahrenheit hizo ni 50. Kwa Mfaransa Réaumur, aliyegawa safari ya kutoka barafu hadi mchemko mara 80, ni 8. Kwa Delisle, Mfaransa mwingine aliyefanya kazi St. Petersburg na kuhesabu kutoka mchemko kwenda chini, ni 135. Kwa Kelvin ni 283. Na kwa Celsius, kama angekuwa hai kuisoma kwa mpangilio wake wa 1742, ni 90. Wachumaji chai wanapuliza vidole vilevile.

Daniel Gabriel Fahrenheit huchekwa sana siku hizi kwa sababu ya hiyo 32 yake, na naona anaonewa. Kabla yake kila fundi alikuwa na kipimajoto chake na namba zake, na vya mafundi wawili havikupatana. Mwaka 1714 Fahrenheit alimpa mwanafalsafa Christian Wolff vipimajoto viwili vilivyosoma sawasawa, na hilo tu likatosha kuwashangaza wasomi. Mwaka 1724 akaeleza alivyopata alama zake: sifuri ni mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, 32 ni barafu na maji matupu, na 96 ni joto la mtu mzima wa afya, kipimajoto kikiwa mdomoni au kwapani. Waingereza wakakishika kipimo hicho, wakakileta huku pamoja na futi na inchi. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1929, hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya madaftari yake. Anayesoma leo rekodi za enzi hizo hukutana na 64, na hana budi kutoa 32, kuzidisha kwa tano na kugawa kwa tisa, ndipo apate karibu nyuzi 18.

Kabla ya madaftari kulikuwa na wasafiri, nao kasoro ile ya mchemko kushuka mtu anapopanda waliigeuza chombo. Ukijua maji yamechemka kwenye nyuzi ngapi, unaweza kukadiria uko juu kiasi gani. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika vyombo vyao vizuri vikiwa vimeshavunjika, wakabaki na kipimajoto cha maji ya kuogea. Walichemsha maji, wakasoma, wakapata urefu wa futi 1,850 hivi, pungufu ya ukweli kwa zaidi ya mita 200. Si ajabu: ukikosea uzi mmoja tu wa Fahrenheit, umepotea kwa futi 500 au zaidi. Baadaye, walipokuwa mahasimu, Burton alikishambulia kipimo hicho ili aseme Mto Nile ungeweza kutoka Tanganyika. Ugomvi wao wa chanzo cha Nile ulipitia hata kwenye maji hayo ya moto.

Kupima joto la hewa ni kazi ngumu kuliko kupima la maji, maana kipimajoto kikiwekwa juani kinajipima chenyewe. Sanduku jeupe la mbao lenye miguu, ambalo wanafunzi wa Kenya hulichora kwenye daftari la jiografia, lilibuniwa katika miaka ya 1860 na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa huko Uskoti. Mwanawe ndiye aliyeandika kitabu tunachokijua kama Kisiwa Chenye Hazina. Kuta za sanduku hilo ni vibao vilivyoinamishwa: upepo unapita, jua halipiti. Ndani yake mna kipimajoto cha zebaki chenye shingo nyembamba, kinachoshikilia joto la juu kabisa kama kile cha zamani cha hospitali, na cha spiriti chenye kijiti kidogo kinachoburutwa na kuachwa pale baridi ilipokomea. Ulaya mlango wake hutazama kaskazini. Karibu na ikweta, kama Nyeri, jua hupita kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, kwa hiyo huhitajika milango miwili.

Hata hivyo sanduku hilo huwa juu, usawa wa kifua, na usiku mkavu usio na mawingu baridi hulala chini. Linaweza kuonyesha nyuzi 3 au 4 huku viazi vya Kinangop, ng'ambo ya pili ya Nyandarua, vimeshaungua kwa jalidi. Kwa usiku kama huo kuna kipimajoto kingine cha spiriti kinacholazwa wazi jioni, usawa wa ncha za nyasi, na kusomwa asubuhi jua likiwa bado halijakigusa. Mkulima angekuwa na hicho kimoja tu shambani, angejua mengi kuliko anayoambiwa redioni.