Kampala na Dansi za Kushikana

Mtu apendaye kushindana katika dansi za ukumbini kwa ridhaa, asiyetafuta ujira bali fahari ya kutajwa hodari mbele ya waamuzi, akitaka kujua ni mji upi umfaao, aghalabu huuliza kwanza habari za kumbi, bendi na walimu. Na maswali hayo si mabaya, ila liko moja linalopasa kuyatangulia yote, nalo ni hili: je, wakazi wa mji huo hulionaje jambo la mwanamume na mwanamke wasiokuwa mke na mume kushikana hadharani, taa zikiwaka na wazee wakitazama? Ukumbi hujengwa na mwalimu huajiriwa, lakini idhini ya jamii hainunuliki, na ndiyo maana naupima mji wa Kampala kwa mila zake kabla ya kuupima kwa sakafu zake.

Dansi za mashindano, kwa kanuni zilizoenea ulimwenguni, ni kumi: walzi, tango, walzi ya Vienna, foksitroti na kwikistepu kwa upande mmoja, chacha, samba, rumba, pasodoble na jaivu kwa upande wa pili. Huko Blackpool, Uingereza, ambako tamasha lake lilianza mwaka 1920, jozi nyingi huingia sakafuni kwa pamoja, mwanamume akiwa na namba mgongoni, na waamuzi husimama pembeni wakiwatazama nyayo, mabega na shingo.

Kampala iliwahi kumsikia mshitaki mkali wa dansi za namna hii. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu ambaye alipata kukiongoza kituo cha utamaduni cha taifa chenye ukumbi wa National Theatre, ule uliofunguliwa mwaka 1959, alichapisha Wimbo wa Lawino mwaka 1966, na humo mke asiyesoma anawakebehi wacheza dansi za Kizungu wanaojifungia ndani ya nyumba, gizani, moshi umetanda, kila mmoja amemkumbatia asiye wake. Wako wasomaji wanaomcheka Lawino kwa ushamba wake. Mimi naiona hoja yake kuwa nzito, kwani ngoma anayoisifu huchezwa uwanjani, mchana peupe, na kinachomchukiza si mguso peke yake bali ni ile siri iliyofungamana na mguso. Na ajabu ni kwamba shindano la dansi humjibu Lawino vizuri kuliko kilabu cha usiku, maana katika shindano taa zote huwashwa, na hakuna aibu wala kosa la unyayo linaloweza kujificha.

Idhini ya Kampala haikuja kwa siku moja. Wagoa, Wakatoliki wa asili ya Kihindi, walicheza walzi na foksitroti katika klabu yao, mpaka Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 kwa muhula wa siku tisini, na sehemu kubwa ya ustadi huo ikaondoka pamoja nao. Waafrika nao katika miaka ya 1960 walijaa Suzana, kilabu kilichovuma huko Nakulabye. Lakini kwa rai yangu shule ya kweli ilikuwa mbali na mji, kando ya mto Nile, pale Namasagali, ambako padri Mwingereza Damian Grimes, mkuu wa chuo tangu 1967 hata 2000, aliwafundisha wanafunzi dansi kwa bidii ileile aliyowafundishia masumbwi, akawaleta Kampala kuonyesha michezo yao katika National Theatre. Wazazi walinung'unika, tena si wachache. Hata hivyo walinunua tiketi.

Siku hizi dansi ya jozi imepata makao mahali penye staha kuliko pote, yaani arusini. Baada ya kwanjula, ambako jamaa wa pande mbili hujuana, wanawake wakiwa katika gomesi na wanaume katika kanzu na koti, na baada ya vile vikao vya michango vinavyomaliza subira ya marafiki, huja karamu yenyewe, na humo bwana na bibi arusi hutazamiwa kufungua dansi mbele ya hadhira. Basi wengine hutafuta mwalimu ili wasifedheheke. Hapo ndipo mshindani wa ridhaa angetafuta wenzi na wanafunzi, si baani. Kasoro iko moja kubwa: karamu nyingi hufanywa bustanini chini ya mahema, na walzi juu ya majani ni adhabu.

Ama maungo, Mungu amewajalia watu wa Kampala. Katika baakisimba, ngoma ya Baganda iliyokuzwa katika kasri ya Kabaka, mfalme wao, kiuno kilichofungwa ngozi hutikisika kwa wepesi ilhali kifua kimetulia, na mtoto aliyelelewa katika hayo ataipata samba kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Foksitroti itamchelewesha, kwa kuwa hutaka mwendo mrefu wa kuteleza na kiuno kilichonyamaza. Rumba nayo itamhadaa: ile aijuayo ni ya Kikongo, ambayo mtu huiingia apendapo, ilhali ile ya mashindano huanza hatua katika pigo la pili, na pigo la kwanza huachiwa kiuno.

Limebaki jambo la obuko, ambalo mgeni hulipuuza kwa hasara yake. Katika mila ya Kiganda mume hamgusi mama mkwe wake wala hakai naye karibu, na heshima hiyo haivunjwi kwa sababu bendi inapiga. Kwa hiyo ile ada ya Kizungu ya kubadilishana wenzi katikati ya jioni, ili kila mgeni acheze na kila mgeni, haitafaa Kampala bila kurekebishwa. Mwandalizi atapaswa kuuliza nasaba za watu mlangoni, pamoja na kuuliza tiketi.