Robert Williams, mtu aliyechora njia ya shaba ya Katanga hadi Lobito

Siku hizi kila mtu anaongea juu ya Korido ya Lobito, ile njia ya treni ya kutoa shaba na kobalti Katanga mpaka bahari ya Atlantiki, kule Angola. Wachache wanajua kwamba wazo hilo lina zaidi ya miaka 120, na kwamba aliyelisukuma ni mtu wa Scotland, Robert Williams.

Williams alizaliwa Aberdeen mwaka 1860. Akiwa kijana alienda Kimberley, Afrika Kusini, kwenye machimbo ya almasi, na huko akafahamiana na Cecil Rhodes. Mwaka 1899 akaandikisha London kampani yake, Tanganyika Concessions. Kibali chake cha kwanza kilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka huohuo mtu wake, George Grey, akafika Kansanshi, karibu na mpaka wetu.

Mpaka haukumzuia. Desemba 1900 akapatana na Comité Spécial du Katanga, chombo kilichosimamia ardhi ya Katanga wakati wa Mfalme Leopold II. Williams alipe gharama na kuleta watafutaji, halafu matunda ya madini yagawanywe: 60 kwa mia kwa Comité, 40 kwa kampani. Piga hesabu mwenyewe. 60 na 40 ni 100. Fungu la wenyeji halikuandikwa.

Na hao watafutaji hawakuvumbua kitu kipya. Walifuata mashimo ya zamani. Kabla yao wenyeji walichimba shaba, wakaiyeyusha kwenye tanuru za udongo na kuimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa pesa, hata mahari. Msiri, mfalme wa Garenganze mwenye asili ya Unyamwezi, alipata nguvu kwa shaba, pembe za ndovu na, tusifiche, biashara ya watumwa. Aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya Leopold. Miaka 9 tu baadaye kontra ya Williams ilikuwa tayari.

Union Minière ilizaliwa 1906, na kampani ya Williams ikawa na hisa ndani yake. Shida ikabaki usafiri. Tangu 1902 Ureno ilikuwa imempa kibali cha miaka 99 cha kujenga reli kupitia Angola. Ni zaidi ya kilomita 1,300. Iliunganishwa na Katanga mwaka 1931 tu. Williams alikufa 1938. Kibali kilipoisha 2001, reli ilirudi kwa Leta ya Angola ikiwa imeharibiwa na vita.

Sasa kampani za Ulaya zimepewa kibali kipya cha miaka 30 kuitumia. Upande wa Congo, sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inatoa 15 kwa mia ya redevance kwa kommune, sekta au sheferi panapochimbwa. Raia ana haki ya kuuliza kwa mkuu wake pesa hizo zimeingia lini, na zimefanya nini.