Kazini kwa ndege: umbali unasingiziwa tu

Katika uwanja wa ndege wa Perth, magharibi mwa Australia, abiria wengi wa alfajiri huvaa buti na mashati ya rangi kali ya mgodini. Wanaelekea kaskazini, Pilbara, kuchimba madini ya chuma. Kutoka Perth hadi mji wa Newman ni takriban kilomita 1,200 kwa barabara, karibu sawa na safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, lakini kwa ndege haifiki saa mbili. Jioni hawarudi. Hukaa kambini wiki moja, mbili, hata nne, wakipiga kazi saa 12 kwa siku, kisha hurushwa tena nyumbani kupumzika. Anayewatazama kwa mbali huwahurumia kwa sababu ya umbali. Nadhani huruma hiyo imekosea mlango: kinachowachosha ni mpangilio wa zamu, na zamu hupangwa na mwajiri.

Mambo hayakuanza hivi. Migodi ya Pilbara ilipofunguliwa miaka ya 1960, kampuni zilijenga miji mizima, Newman na Tom Price ikiwemo, yenye shule, zahanati na nyumba za familia. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha kodi ya marupurupu anayopewa mfanyakazi nje ya mshahara, na wachambuzi wengi wanaitaja kuwa sababu mojawapo ya nyumba za kampuni kuonekana mzigo. Tiketi ikawa nafuu kuliko mji. Watetezi wa ndege wana hoja nzito hapa: madini huisha. Miji ya Goldsworthy na Shay Gap ilijengwa kwa ajili ya chuma, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikafungwa na kuondolewa. Kwa nini mtoto akulie mahali patakapofutika, ilhali Perth kuna hospitali na vyuo? Hoja hiyo naikubali. Ila inatetea kuruka tu. Haitetei kumweka mtu kambini wiki nne ili apewe moja ya kuwa baba au mama.

Gharama kwa afya imepimwa. Utafiti ulioagizwa na tume ya afya ya akili ya Australia Magharibi na kutolewa mwaka 2018 ulikuta karibu theluthi moja ya wafanyakazi hawa wana msongo mkubwa wa akili, takriban mara mbili ya kundi walilolinganishwa nalo. Mwongozo uliotolewa na jimbo hilo mwaka 2019 haukuwaambia waajiri waache ndege. Ulipendekeza zamu zenye uwiano: siku 8 kazini na 6 nyumbani, au wiki mbili kwa mbili.

Waajiri watasema hakuna aliyelazimishwa na malipo ni mazuri. Ni kweli, lakini mwenye mkopo wa nyumba hachagui zamu, huchagua kazi, na zamu huja imefungashwa humo. Watasema pia zamu fupi zinahitaji watu wengi zaidi na tiketi nyingi zaidi. Hilo nalo ni kweli, ingawa kumtafuta na kumfundisha mrithi wa kila aliyeshindwa si bure.

Kwa hiyo, msomaji, ukiitiwa kazi ya namna hii popote pale, usianze na mshahara. Uliza siku ngapi ni za kazi na ngapi za nyumbani, kisha uliza siku ya safari inakatwa upande gani. Ikikatwa kwenye mapumziko yako, basi nauli ya ndege hiyo unailipa wewe.