Zawadi ya Sindano

Tukitoka Lodwar kwa barabara, kilomita zipatazo 120, twafika Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992. Hapo akina mama wa Sudan Kusini hutarizi mashuka waitayo milaya. Kwanza mama huchora maua na ndege juu ya kitambaa cha pamba. Kisha huijaza michoro kwa nyuzi za rangi, mshono kwa mshono. Mwisho hufuma ukingo. Ndipo humpa bibi arusi, au humtandikia mgeni. Mtu aliyekimbia vita mikono mitupu atoa nini? Atoa siku zake. Dorkasi wa Yafa naye alikumbukwa kwa nguo alizowashonea wajane. Basi, ndugu zetu, tusingoje utajiri ndipo tutoe.