Ua la Buluu la Vuli

Mvua za vuli zikisha kunyesha siku chache, mtu atokaye Ukunda kwenda Msambweni asubuhi huona chini ya minazi na mikorosho, na zaidi ndani ya mashamba ya mahindi na kunde, viua vidogo vya rangi ya buluu safi vilivyotapakaa katika majani mabichi. Akirudi saa nane mchana havioni tena. Hakuna aliyevichuma. Ua hili hufunguka asubuhi na kunyauka mchana, na kesho yake mengine hufunguka.

Watu wengi huyaita majani hayo kongwa, na Wakikuyu huyaita mukengeria. Taabu ni kwamba jina ni moja na majani ni ya namna nyingi. Wataalamu huyaweka yote katika jamii ya Commelina, jina lililotolewa na Linnaeus wa Sweden katika karne ya 18 kwa kuwakumbuka akina Commelin wa Uholanzi. Wawili kati yao walikuwa mabingwa wa elimu ya mimea, na wa tatu alifariki kabla hajafanya jambo la kujulikana. Basi ua lenye petali mbili kubwa na moja ndogo liliwafaa sana. Ni mzaha wa mwanachuoni, lakini wasaidia kukumbuka. Kiua cha buluu kilicho mviringo kama kisahani si kongwa, hata kikiota papo hapo.

Impasayo mkulima kuitambua ni ile iitwayo Commelina benghalensis. Jani lake ni pana, la umbo la yai. Mahali jani linapolikumbatia shina mna malaika ya rangi nyekundu-kahawia, na aliyeyaona mara moja hayasahau. Ua hutokea ndani ya kikunjo cha jani kilichoungana upande mmoja mfano wa faneli. Ile ipendayo penye majimaji, ambayo kikunjo chake kimeachana hadi mwisho, ni nyingine.

Dalili kubwa yataka jembe. Ukichimbua mmea uliokomaa utaona vikonyo vyeupe chini ya udongo, na juu yake viua visivyo na rangi, visivyofunguka kamwe, ambavyo huzaa mbegu humo humo gizani. Ndugu yake mmoja wa mchangani, mwenye jani jembamba, naye huzaa hivyo. Kwa hiyo mtu na atazame jani pia.

Hapa ndipo hasara ilipo. Akina mama hupalilia kutwa, na magugu huachwa yamelala kati ya mistari ya mahindi. Jua likiwaka siku nyingi, hapana neno. Lakini vuli hailindi ahadi. Mvua moja ya usiku, na kila kipande chenye kifundo hutoa mizizi upya. Mbegu za chini nazo ni kubwa kuliko za juu, na huweza kumea zikiwa zimezikwa ndani zaidi. Mwenye shamba hudhani amefanyiwa jambo na jirani, kumbe alilipanda mwenyewe kwa jembe lake.

Si hapa tu. Huko Marekani, ambako mmea huu ni mgeni, serikali iliuandika katika orodha ya magugu ya hatari mwaka 1983, na katika miaka ya 2000 uliwasumbua mno wakulima wa pamba wa Georgia. Dawa ya glyphosate, iliyoyamaliza magugu mengine, haikuuweza sawasawa. Anayetaka kutoa fedha zake kununua dawa hiyo kwa ajili ya kongwa na aulize kwanza.

Iliyo bora ni kuling'oa likingali changa, kabla halijatambaa wala kuzaa chini, na kulikusanya lote katika kikapu, kisha kuwapa mbuzi au kulianika juu ya mwamba mpaka likauke kabisa. Kulikatakata ni kulizidisha. Palizi ya pili isicheleweshwe, kwa maana mbegu zilizokwisha kuzikwa hazimei zote siku moja. Nyingine zitangoja masika.