Bei ya Intaneti ya Simu Ugenini: Chanzo Chake na Njia za Kuipunguza

Katika mafunzo ya itikadi mkufunzi huulizwa maswali ya aina nyingi, na yapo ambayo kwa sura ya kwanza huonekana hayahusiani na siasa hata kidogo. Swali moja la aina hiyo hujirudia kila kundi la makada linaporudi kutoka ziara katika nchi jirani. Kwa nini intaneti ya simu, ambayo nyumbani mtu huinunua kwa bei ya chakula cha mchana ikamtosha siku kadhaa, ikishavuka mpaka humaliza salio lote kabla basi halijafika kituo cha kwanza? Mara nyingi swali hili huulizwa kwa utani, na jibu nalo hutolewa kwa utani: ni mambo ya teknolojia. Jibu hilo si sahihi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba bei hiyo haitokani na teknolojia wala umbali, bali inatokana na uhusiano uliopo baina ya wenye mitandao. Mtu akiuelewa uhusiano huo ataelewa pia namna ya kulipa kidogo anaposafiri, na kwa nini ujanja wa msafiri mmoja mmoja hautoshi.

Tuanze na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Mwananchi wa Arusha amevuka mpaka Namanga na simu yake mfukoni. Kampuni iliyomwuzia laini haina mnara upande wa Kenya, kwa hiyo simu hutafuta mtandao wa wenyeji wenye mkataba na mtandao wake wa nyumbani. Mtandao mwenyeji huuliza ule wa nyumbani: huyu ni wako, na je, utamlipia? Jibu likiwa ndiyo, hufunguliwa. Hii ndiyo huduma iitwayo romingi. Tangu hapo kila anachokisoma kwa kawaida hupitishwa kwanza nyumbani ndipo kiende kwenye intaneti, hata ikawa mtu aliyekaa Nairobi akisoma gazeti la Nairobi, ukurasa ule huenda Tanzania na kumrudia. Safari hiyo ina gharama, lakini ni ndogo. Nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, bei ya kusafirisha data ilianza kushuka, na nchi zetu zimeunganishwa kwa nyaya za nchi kavu pia.

Gharama kubwa iko mahali pengine. Mtandao mwenyeji unamtoza mtandao wa nyumbani bei ya jumla kwa kila megabaiti, na juu ya bei hiyo mtandao wa nyumbani unaongeza faida yake. Msafiri hulipa vyote viwili. Kwa mwenyeji yeye si mteja, kwa hiyo hakuna anayejali kumfurahisha. Kwa kampuni ya nyumbani yeye ni mteja aliyekwisha panda basi, ambaye hana nafasi ya kwenda duka la pili kuulizia bei. Wanaotetea soko huru hutuambia kwamba ushindani hushusha bei. Lakini ushindani humhitaji mnunuzi anayeweza kukataa, na hapa hayupo. Ni mirija miwili katika chombo kimoja.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka Ulaya, nako hatuutafuti kwa sababu Ulaya ni kielelezo chetu, bali kwa sababu mambo yenyewe yaliandikwa katika sheria na tarakimu zake zinajulikana. Umoja wa Ulaya ulianza kuweka ukomo wa bei za simu za romingi mwaka 2007. Kwa upande wa intaneti, bei ya juu aliyoweza kutozwa msafiri kuanzia Julai 2012 ilikuwa senti 70 za euro kwa megabaiti moja, bila kodi. Maana yake megabaiti 1,000 zilifika euro 700. Julai 2014 ukomo ulishushwa hadi senti 20, yaani euro 200 kwa kiasi kile kile. Tarehe 15 Juni 2017 nyongeza ya romingi ikafutwa kabisa, na msafiri akawa anatumia bando lake la nyumbani katika nchi zote za Umoja huo. Pamoja na hayo, na hili ndilo wengi hulisahau, bei ya jumla baina ya makampuni nayo iliwekewa ukomo: euro 7.70 kwa gigabaiti mwaka 2017, ikapunguzwa mwaka hadi mwaka, na kufikia euro 1.30 mwaka 2025.

Hebu tulinganishe euro 700 na euro 1.30. Kweli mitambo imeboreka katika kipindi hicho, na hatuna haja ya kulikana hilo. Lakini maboresho ya mitambo peke yake hayaelezi tofauti ya namna hiyo, wala kwa nini bei ilishuka katika tarehe zilizotajwa na sheria. Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya, makampuni yake hayakufungwa tena na kanuni hiyo baada ya mwaka 2020, na mwaka 2022 baadhi ya makampuni makubwa yakarudisha tozo ya kila siku kwa wateja wao wanaokwenda bara. Minara ilikuwa ile ile, nyaya zile zile. Kilichobadilika ni nani mwenye uwezo wa kumwambia mwenye mtandao basi.

Pengine ndugu msomaji atasema kwamba hao ni matajiri na mambo yao si yetu. Ndiyo maana hapana budi turudi nyumbani, kwa kuwa Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili, na kwa sehemu iliitangulia Ulaya.

Chini ya mkataba wa mwaka 1967 nchi zetu tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, zilikuwa na Shirika moja la Posta na Simu, mali ya umma wa nchi zote, makao yake makuu yakiwa Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua sehemu yake. Tusizipambe siku hizo kupita kiasi: simu zilikuwa chache, na mwananchi wa kawaida aliiona simu ofisini kwa mkubwa. Lakini msingi ulikuwapo, kwamba mawasiliano baina ya watu wetu yaweza kuwa chini ya mamlaka moja.

Jambo la pili lilitokea mwaka 2006, nalo lafaa kuchambuliwa kwa makini kwa sababu halikufanywa na dola bali na mtaji. Kampuni ya Celtel, iliyokuwa na mitandao katika nchi hizi tatu, iliondoa tozo za romingi baina yao. Mteja wa Tanzania aliweza kupiga simu Kenya au Uganda kwa bei za wenyeji, kupokea simu bila malipo, na kununua vocha ya huko huko aliko. Ilikuwa kabla ya kanuni ya kwanza ya Ulaya. Je, bepari alikuwa amepata huruma? Hasha. Mwenye mali alikuwa mmoja pande zote za mpaka, kwa hiyo ile bei ya jumla ingekuwa kujitoza mwenyewe, kutoa mfuko wa kulia na kutia wa kushoto. Alipoona kwamba kuifuta kutamletea wateja wa washindani wake, aliifuta. Kwa kitendo hicho mtaji wenyewe ulitoa ushahidi kwamba tozo ile haikuwa gharama ya lazima ya mitambo.

Jambo la tatu ni la mwaka 2014, wakati Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanzisha eneo moja la mtandao, na Sudan Kusini ikajiunga. Kupokea simu ukiwa ugenini kukawa bure, na bei ya kupiga ndani ya eneo hilo ikawekewa ukomo wa senti 10 za dola kwa dakika. Hapa ilikuwa ni mamlaka ya umma, si mwenye mali, iliyoamua. Hata hivyo mpango huo ulianza na maongezi, si intaneti. Na nchi yetu haikuwamo katika kundi hilo la kuanzia. Kada mkweli atalisema hilo bila kuzungukazunguka.

Sasa, nani hasa anaumia? Siyo mjumbe wa mkutano wa kimataifa. Huyo hulala hotelini ambako kuna waifai, hupewa posho, na akitumia romingi stakabadhi huenda kwa mhasibu. Anayeumia ni dereva wa lori anayesubiri siku mbili Tunduma akitaka kumtumia tajiri wake picha ya nyaraka za forodha, ni mama anayechukua mzigo Kampala na kuulizana bei na mwenziwe wa Kariakoo, ni mwanafunzi. Yuko hata asiyesafiri kabisa: mkulima wa Holili au Sirari, ambaye simu yake ikiwa imeachwa wazi kwa romingi yaweza kunasa mnara wa ng'ambo uliopo karibu zaidi, akakatwa fedha za ugenini akiwa shambani kwake. Ndugu zetu wa vijiji vya mpakani huijua adha hii kuliko mkufunzi yeyote.

Kwa vitendo, msafiri ana la kufanya. Azime romingi ya data kabla ya kufika mpakani, si baada, kwa sababu simu za siku hizi hufanya kazi hata zikiwa mfukoni: hupokea video za makundi, huhifadhi picha kwenye intaneti, husasisha programu. Akifika anunue laini ya wenyeji kwa kutumia pasi yake ya kusafiria, katika duka la kampuni au kwa wakala anayesajili hapo hapo, asikubali laini iliyokwisha sajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwani kesi ya mwenye jina itakuwa yake. Laini ya nyumbani aibakize ndani ya simu ya laini mbili ili apokee ujumbe wa benki, na WhatsApp ikimwuliza kama anataka kubadili namba, aikatalie. Anayekwenda Ulaya afahamu kwamba laini iliyonunuliwa Ujerumani hutumika pia Ufaransa na Italia, kwa kiwango kilichowekwa, lakini Uswisi haimo katika kanuni hiyo.

Zipo pia laini zisizo na kadi, ambazo mtu huzinunua kwa intaneti na kuzipakia ndani ya simu kabla ya kuondoka. Ni rahisi kuliko romingi ya kawaida katika nchi nyingi, ingawa zinahitaji simu inayozikubali na kadi ya benki, vitu ambavyo dereva wetu wa Tunduma huenda hana. Lakini tazama ni nini hasa kinachouzwa. Wengi wa wafanyabiashara hao hawana hata mnara mmoja. Wamenunua romingi ile ile kwa jumla, kwa wingi, kisha wanaigawa rejareja. Wanaweza kuuza kwa bei ya chini kwa sababu mnunuzi mkubwa husikilizwa. Basi kama mfanyabiashara asiye na mnara anaweza kujadiliana bei ya jumla kwa niaba ya wasafiri wasiojuana, nchi wanachama wa Jumuiya zinaweza kwa niaba ya wananchi wao.

Kipo kipingamizi kimoja chenye uzito, na ni afadhali kada akijue kabla hajaulizwa hadharani. Nchi inayopokea watalii wengi hupata fedha za kigeni kutokana na bei hiyo hiyo ya jumla. Simu ya mtalii aliyeko Serengeti huiingizia kampuni ya hapa mapato. Huko Ulaya pia nchi za watalii na zile zinazotoa watalii zilivutana juu ya jambo hili. Lakini mtalii wa ng'ambo na mchuuzi wa Busia si lazima watozwe kwa kipimo kimoja. Mpango wa mwaka 2014 uliweka bei ya ndani ya eneo, ukaacha mikataba na nchi za nje kama ilivyo. Kinachohitaji uangalizi ni udanganyifu: simu za kutoka nje kupenyezwa ndani ya eneo kana kwamba ni za wenyeji, na laini za nchi yenye bei nafuu kununuliwa kwa wingi na kutumiwa moja kwa moja katika nchi nyingine. La pili hudhibitiwa kwa kuweka kiwango cha matumizi na muda, kama ilivyofanyika Ulaya. La kwanza linahitaji wasimamizi wa mawasiliano wa nchi zote wapeane hesabu za simu zinazovuka mipaka yao, kwa maana nchi moja huiona nusu tu ya kila simu.