Moshi wa Jikoni Unaumiza Familia

Tunapozungumzia utunzaji wa mazingira, tuanzie jikoni. Moshi wa kuni huwasha macho, lakini mapafu ndiyo huumia zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka 5.

Tufanye nini?

1. Tukaushe kuni na kuzipasua. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi.

2. Badala ya mafiga matatu, tujenge jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi nje. Likijengwa vizuri, hutumia kuni chache.

3. Tuloweke maharage usiku kucha na kufunika sufuria, yaive upesi.

4. Tusiwashe moto kwa plastiki. Moshi wake una sumu.

5. Tusipike tukiwa na mtoto mgongoni.

Mtoto akikohoa na kupumua haraka haraka, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, tumpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Tusingoje kesho.

Tukichoma kuni chache, miti yetu itabaki na watoto watapumua vema.